Mgeni Asiye na Barua

Katika visiwa vyetu hivi neno "ukarimu" limepata kazi mpya. Twalisikia mikutanoni na kulisoma katika mipango ya maendeleo: sekta ya ukarimu, mafunzo ya ukarimu, ajira za ukarimu. Maana yake ni hoteli, vitanda, vyakula na watalii. Hilo si baya, kwani utalii hutuletea fedha za kigeni na vijana wetu wengi hupata riziki humo. Lakini, ndugu msomaji, yafaa tujiulize swali moja kabla neno hilo halijapotelea sokoni moja kwa moja. Ikiwa mkarimu ni yule ampokeaye mgeni aliyekwisha kulipa, yule ampokeaye mgeni asiye na senti tutamwita nani?

Swali hili sikulipata katika semina. Nililipata Kanyenye, mtaa wa mji wa Tabora, mwezi wa Machi mwaka 2011.

Nilikuwa safarini kwenda Kigoma kwa shughuli za Chama. Basi liliharibika njiani, likaingia Tabora usiku wa manane, nami homa ilikuwa imenishika tangu mchana. Begi langu, lenye fedha, kitambulisho, simu na barua ya utambulisho, lilikuwa limeteremka na mtu mwingine katika kituo cha nyuma. Kulipokucha nilijikokota hadi ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, nikaeleza shida yangu. Kijana aliyekuwa mezani hakunitukana. Aliniuliza tu: "Barua yako iko wapi?" Nilipomjibu kwamba barua ndiyo iliyopotea, akanishauri kwa upole kabisa nikaitafute, kisha nirudi nayo.

Nilitoka hapo nikaenda kukaa chini ya mwembe katika mtaa wa Kanyenye, nikitetemeka ilhali jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Akapita mama mmoja mtu mzima, amebeba beseni la karanga kichwani. Akasimama, akaniangalia.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Shikamoo, mama. Naumwa."

"Marahaba. Umekula?"

Hakuniuliza jina, kabila wala nitokako. Swali lake la pili lilikuwa kama nimekula. Alilitua beseni, akaniinua, akanipeleka kwake, nyumba ya vyumba viwili alimoishi na wajukuu wake watatu. Ukutani palikuwa na picha ya Bikira Maria na rozari ikining'inia kwenye msumari. Nilipelekwa zahanati kwa fedha za karanga zile. Alipotambua kwamba mimi ni Mwislamu, alimwita mzee jirani, Mwislamu, aje amchinje kuku, ili nile bila ya wasiwasi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Yeye mwenyewe hakuionja ile nyama. Alikula ugali kwa mlenda. Jioni alinitandikia mkeka safi, akaniwekea maji ya kutawadha, akanionyesha upande ambao jirani zake huelekea wanaposali.

Nilikaa pale siku tatu. Siku ya nne jamaa zangu, niliowapata kwa simu ya yule mzee jirani, walinitumia fedha, nami nikataka kumlipa mama yule angalau gharama za dawa. Alikataa. Aliniambia kwamba nikimlipa itakuwa amefanya biashara, na biashara yake yeye ni karanga. Akaeleza, bila ya kunihubiria, kwamba katika dini yake wamefundishwa kuwa Yesu hupita duniani katika sura ya mgeni, mgonjwa na mwenye njaa, na kwamba siku ya hukumu kila mmoja ataulizwa alimfanyia nini. "Sasa wewe," akasema, "nitajuaje?"

Mimi nimelelewa chuoni kabla ya skuli. Nimesoma Kurani mbele ya mwalimu mwenye bakora, na baadaye nikasoma katika skuli za Serikali. Maneno ya mama yule hayakuwa mageni kwangu. Mtoto yeyote aliyepita chuoni anakijua kisa cha Nabii Ibrahimu, aliyewapelekea wageni asiowajua ndama wa kuchoma kabla hajawauliza walikuja kwa lipi. Na Wakristo nao wanacho kisa hicho katika kitabu chao. Tumefundishwa pia habari ya watu wema wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa, wala hawataki kwao malipo wala shukrani.

Lakini kisa kilichonijia zaidi, nikiwa nimelala mkekani Kanyenye, ni cha Habasha. Kiasi cha mwaka 615, Waislamu wa mwanzo walipozidiwa na mateso ya Makka, Mtume aliwaelekeza wavuke bahari wakaombe hifadhi kwa Najashi, mfalme Mkristo, kwani katika nchi yake hadhulumiwi mtu. Maquraishi walituma wajumbe na zawadi nyingi ili wakimbizi hao warudishwe. Najashi hakuwafukuza kwa maneno ya upande mmoja. Aliwaita wageni wenyewe, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib akieleza imani yao na kusoma habari za Bibi Maryamu, kisha akaamuru zawadi zile zirudishwe kwa wenyewe. Mfalme yule alikuwa na kila sababu ya kupokea mali na kuwatoa watu wasio na nguvu. Hakufanya hivyo. Basi Mwislamu anayedhani kwamba wema wa Mkristo kwa mgeni ni jambo dogo amesahau kwamba umma wake mwenyewe uliwahi kukingwa na wema huo.

Tabora si mahali pa kubahatisha kwa mazungumzo haya. Mji ule ulikuzwa na njia. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani, Bagamoyo na kwingineko, ilifika Unyanyembe, na hapo njia ikagawanyika: moja kwenda Ujiji na Manyema, nyingine kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi waliishusha pembe hadi pwani, na wengi walivuka mpaka Unguja. Ndiyo maana hata majina yamesafiri. Mwenyeji wa Unguja akifika Tabora atakuta Ng'ambo na Mtendeni, kama alivyoziacha kwao.

Hata hivyo, yatupasa tuiseme njia hiyo kwa ukweli wake wote. Mwezi wa Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Tabora, wakati huo wakipaita Kazeh, wakiwa wamechoka na wagonjwa. Aliyewapokea ni Snay bin Amir, Mwarabu wa Omani, aliyeanza maisha akitengeneza vitu vitamu Maskati kabla ya kuwa mfanyabiashara mkubwa. Aliwapa nyumba, akawatunza, akawapa maarifa ya nchi ambazo wao hawajapata kuziona. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu watu, alimsifu huyu sana. Lakini biashara ya Snay bin Amir ilikuwa pembe na watumwa. Uwanjani pale pale ambapo mgeni alipewa kahawa, huenda alipita mtu mwenye mnyororo shingoni, naye pia alikuwa mgeni katika nchi ile, tena mgeni kuliko wote. Kwake yeye hapakuwa na kahawa.

Hili ndilo jaribio la ukarimu. Kumpokea mwenye hadhi, mwenye barua ya Sultani, mwenye mali au mwenye jina, ni adabu njema na haina ubaya. Lakini njia ile ya Tabora yatuonyesha kwamba mtu aweza kuwa hodari wa adabu hiyo miaka yote na bado asimwone mgeni aliye mbele ya macho yake.

Liko na jambo la pili. Kanyenye si moja. Wasafiri wa zamani waliandika juu ya Kanyenye nyingine, katika njia hiyo hiyo, huko Ugogo, ambako mtawala wake aliitwa Magomba. Huko misafara ilisimamishwa mpaka imelipa hongo kwa vitambaa na shanga. Tusimwonee Magomba. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa wazi, uliotozwa na mwenye nchi, katika nchi kavu ambayo maji yake hayakuwatosha wageni mamia kwa mamia. Neno hilo tumelirithi, na sisi ndio tuliolichafua. Hongo ya leo haitozwi hadharani wala haiendi kwa mwenye nchi. Hutozwa kwa sauti ya chini, kutoka kwa yule aliye mgeni wa ofisi, asiyejua mlango wala utaratibu. Kila mtumishi wa umma anayekaa mezani amepewa kuchagua Kanyenye mojawapo kati ya hizo mbili.

Njia iliyobeba minyororo ndiyo pia iliyopata dawa yake. Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, alifika mwishoni mwa miaka ya 1880 kijana aitwaye Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akaibwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa utabibu kisiwani Malta. Mtu aliyetendewa hivyo angeweza kuichukia dunia. Yeye alikaa Karema akitibu watu ambao si wa kabila lake wala wa lugha yake, kwa zaidi ya miaka sitini, mpaka alipofariki mwaka 1956. Alikuja akiwa mgeni, akageuka mwenyeji wa wagonjwa wote.

Na Taifa letu nalo limewahi kuufanya ukarimu kuwa siasa yake. Mwaka 1972 maelfu ya watu walikimbia mauaji nchini Burundi. Tanzania, iliyokuwa na miaka kumi na moja tu tangu uhuru wa Tanganyika, haikuwafungia katika kambi za ua. Iliwapa ardhi: Ulyankulu, mkoani Tabora, kisha Katumba na baadaye Mishamo. Kazi hiyo Serikali iliifanya pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lijulikanalo kwa kifupi TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964. Wakimbizi walifyeka misitu, wakalima mahindi na tumbaku, wakalipa kodi. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi. Na mwezi wa Oktoba 2014 watu zaidi ya 162,000, waliokuja mwaka 1972 na watoto wao, walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Ni kweli kwamba walisubiri miaka mingi, wala si kila mwaka tulikuwa wema vile vile. Lakini nchi maskini ilitenda jambo ambalo nchi tajiri nyingi zimeshindwa kulitenda.

Sasa tugeukie kwetu visiwani, kwani ni rahisi kusifu Tabora ukiwa Unguja.

Sisi pia tumewahi kuwa wageni. Baada ya machafuko ya Januari 2001, watu zaidi ya 2,000, wengi wao kutoka Pemba, walivuka bahari wakaangukia Shimoni, pwani ya Kenya. Sina nia ya kufukua hapa lawama za siku zile. Chama changu na vyama vingine vimekwisha kukaa meza moja zaidi ya mara moja. Nataka tukumbuke jambo moja tu: kwamba ndugu zetu walitua katika ardhi ya watu wakiwa na nguo za mwilini, na watu wale hawakuwarudisha baharini. Anayesahau deni kama hili hufikiri kwamba mgeni siku zote ni mtu mwingine.

Tumewahi pia kuwa wenyeji wema. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama. Wavuvi wa Nungwi walitoka na vyombo vyao gizani. Waliookolewa walivishwa kanga na mashati ya watu wasiowajua. Hakuna aliyeulizwa barua siku ile. Wema huo haukutoka katika mpango wowote; ulikuwamo ndani ya watu, ukasubiri kuitwa.

Basi kwa nini wema huo huja siku ya msiba, na siku ya kawaida hatuuoni? Hapa sina budi kujikosoa mwenyewe. Mwaka mmoja tu baada ya safari yangu ya Tabora, alikuja ofisini kwangu kijana kutoka bara. Alikuwa ameletwa kufanya kazi ya ujenzi, kazi ikasimama, aliyemleta akatoweka na ujira wake. Hakuwa na pa kulala wala nauli ya boti. Nilikuwa na shughuli nyingi. Bila ya kuinua macho nilimwuliza: "Barua ya sheha unayo?" Akasema hana. Nikamwambia aende akaitafute, kisha arudi. Alishukuru kwa adabu, akaondoka. Alipokwisha kufika mlangoni ndipo nilipoisikia sauti yangu mwenyewe, na nikaikumbuka ile meza ya Tabora. Nilitoka nikamkimbilia hadi barabarani. Sikumwona. Nilimtafuta siku ile na siku ya pili yake, wala sijui mpaka leo alilala wapi.

Mwenye kusoma haya asidhani kwamba nataka sheria zivunjwe. Wapo watakaosema kwamba siku hizi wageni wengine ni wahalifu, kwamba visiwa ni vidogo, kwamba utaratibu wa mgeni kupita kwa sheha una sababu zake. Yote hayo ni kweli, nami natetea utaratibu huo. Lakini utaratibu hauzuii kiti wala kikombe cha maji. Hauzuii ofisa kuchukua simu na kuuliza kule atokako mtu huyo. Wengine watanikumbusha methali, aliyoipenda Mwalimu, kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naam, nami naikubali. Lakini methali hiyo yaanza kwa siku mbili. Wengi wetu tunataka kuanza na jembe, na wengine hata jembe hatutoi, tunatoa mlango.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yasiyohitaji bajeti kubwa. Kwanza, katika kila ofisi inayopokea wananchi, mwenye shida akaribishwe kiti kabla ya kuulizwa karatasi, na mtu aliyepoteza karatasi asitumwe kuitafuta kwa miguu yake wakati ofisi ina simu. Pili, kila shehia, kwa kushirikiana na misikiti, makanisa na matawi ya Chama, ijue mapema ni nyumba ipi inayoweza kumlaza msafiri aliyekwama, ili sheha asilazimike kuanza kufikiri saa nne za usiku. Tatu, waajiri wanaowaleta vijana kutoka bara, au kutoka Pemba kuja Unguja, wabanwe kuhakikisha ujira wao na njia ya kurudi kwao. Mtu uliyemwita mwenyewe ni mgeni wako, hata kama umemwita afanye kazi.

Nayasema haya kwa viongozi wenzangu kwa sababu sisi ndio tulio hatarini zaidi. Mwananchi wa kawaida hukutana na mgeni uso kwa uso. Sisi huwekewa meza katikati, na juu ya meza muhuri. Baada ya muda mtu husahau kwamba upande wa pili wa meza yuko binadamu, hasa binadamu huyo akiwa hana mtu wa kumpigia simu kwa niaba yake.

Nilirudi Tabora mwaka 2016. Nilikwenda Kanyenye nikiwa na karafuu za Pemba na kanga mbili. Nyumba niliikuta, na yule mjukuu mkubwa alikuwa amekwisha kuwa mwanamume. Akaniambia kwamba bibi alifariki mwaka uliotangulia. Nilimweleza mimi ni nani, kwamba ndiye yule mgonjwa wa Ijumaa ya Kwaresima. Alifikiri kidogo, kisha akaniomba radhi kwa adabu. Hakuweza kunikumbuka, alisema, kwa sababu bibi yake alikuwa akileta nyumbani watu wengi.

Kisha akaniuliza kama nimekula.